Mikono ya Kupimia Watu

Neno kupima kwa fundi wa nguo lina maana yake, na kwa munganga wa hospitali lina maana nyingine. Mimi yamenipata yote mawili. Miaka mingi watu waliingia katika atelie yetu ya kushonea, mtaani Makomeno, wakiniita, "Mama, kuya unipime," nami natoka nyuma ya meza ya kukatia, mita shingoni, chaki mkononi. Halafu ikafika siku wakaanza kuniambia, "Mama, wende bakupime," yaani niende hospitali. Neno ni lile lile. Ila la kwanza lilikuwa kazi yangu, na la pili ndilo lililoninyang'anya.

Atelie haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwanamke tuliyemwita patrone, mjane, amenizidi umri kidogo, mkali kwa mambo ya usafi, si mtu mbaya. Mashine zilikuwa zake na nyumba ilikuwa yake. Wenzangu wawili walishona, mimi nilipima na kukata. Watu wanafikiri kushona ndiyo kazi. Aka! Kushona hata mtu anayesinzia anashona. Kazi ni kupima, kwa sababu mwili wa mtu ni mwongo.

Mwanamke ukimzungushia mita kiunoni anavuta tumbo ndani mpaka macho yanamtoka. Ukiandika hiyo namba umekwisha. Siku ya sikukuu ataketi, na zipu itampasukia mbele ya wakwe. Kwa hiyo mimi nilikuwa namsimulia neno la kuchekesha, la jirani, la mume wangu anavyokoroma hata kanisani, nangoja acheke, apumue, tumbo lirudi mahali pake, ndipo nasoma. Wanaume nao wanajaza kifua. Hao dawa yao ni kuwauliza habari za mama mkwe. Kifua kinashuka chenyewe. Kuna wasichana niliojua wana mimba kabla mama zao hawajajua, maana mkono ulikuwa unaniambia. Nilinyamaza, nikaacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, na siku ya sherehe msichana akaja kunikumbatia bila kusema kitu. Nilijivunia mikono yangu, sifichi. Fundi asiyejivuna aende akauze makaa.

Na ugonjwa haukuchagua mahali pengine, ukachagua hiyo hiyo mikono.

Ulianzia kichwani, baada ya kuzaa mtoto wangu wa mwisho. Nikadhani ni mba. Ukashuka kwenye viwiko, ukakaa pale muda mrefu, nami nikashona blauzi za mikono mirefu. Kisha ukafika viganjani: mabaka mekundu, juu yake magamba meupe yanayopukutika ukiyagusa tu. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, upepo wa kwetu unapobeba lile vumbi jekundu, ngozi inakauka na kupasuka mpaka unaona nyama. Kushika mkasi ni kulia. Nguo nyeusi za kilio zilinisema kwa magamba, nguo nyeupe za harusi zilinisema kwa damu. Nilifunga vidole, nikapuliza, nikapangusa. Zaidi ya mara moja nilifua doa dogo kwenye satini kwa maji baridi na chumvi, kabla patrone hajarudi kutoka sokoni.

Munganga wa ngozi niliyemwona mjini alikuwa kijana mpole, msemaji wa taratibu. Akaniambia jina la ugonjwa kwa Kifaransa, psoriasis, kisha akanifafanulia kwa lugha yetu.

"Mama, ngozi ya bantu bengine inazeeka polepole, njo inaanguka. Ya kwako iko na haraka. Inakimbia."

Nikamuuliza kama nitawaambukiza watoto. Akacheka kwa huruma. "Apana, mama. Hata ukilala na muntu kitanda kimoja, hauwezi kumupatia."

"Na inaisha?"

Akaitazama kalamu yake. "Inaendaka, inarudiaka."

Akaniandikia pomade ya kupaka. Hapo ndipo shetani alipotia mkono. Ile tyubu ndiyo ile ile inayouzwa sokoni na akina mama wa mafuta ya kung'arisha ngozi. Munganga anaitoa ili itulize ngozi iliyowaka. Wengine wanainunua ili wawe weupe. Nilipoenda kuitafuta, muuzaji alinikonyeza mbele ya jirani yangu: "Eh, mama, na weye? Pakala kidogo kidogo, bantu basijue." Nilimjibu kwamba ni dawa ya munganga. Akacheka. Wote husema hivyo, nadhani.

Kabla juma halijaisha mtaa ulikuwa umetoa hukumu: amejichubua, sasa ngozi inamlipisha. Mimi! Mweusi kama chungu cha kusongea bukari, ugali wetu, niko mweupe wapi? Lakini nani anasimama njiani kuhesabu weusi wako? Lisemwalo lipo, wakasema. Kwangu halikuwepo, wakalileta.

Hayo niliyavumilia, maana maneno ya mtaani yanapita kama mvua. Kilichonitoboa ni salamu. Kwetu mtu akifika kazini asubuhi hasalimii kwa mdomo peke yake, anampa kila mmoja mkono. Na mwenye mkono mchafu, tuseme mekanisi aliyejaa mafuta au mama anayepasua samaki, hakupi kiganja. Anakunja ngumi, anakupa kigasha chake, hapa chini ya kiwiko, ukishike, ili asikuchafue. Ni adabu nzuri, tumefundishwa tangu utoto. Sasa wenzangu wakaanza kunipa kigasha. Mikono yao imetoka kuoshwa kwa sabuni, bado inanukia, nao wanaikunja kana kwamba wao ndio wachafu. Mara ya kwanza nilicheka, nikamwambia yule mkubwa wao, "Mama, ulikuwa unapasua samaki?"

Akatazama chini. "Apana. Njo vile tu."

Njo vile tu! Afadhali angenitukana. Mtu akikutukana, unamjibu, mnapigana, kesho mnasameheana. Mtu akikufanyia adabu, utamjibu nini? Nilirudi kwenye meza yangu nikakata kitambaa huku nimeuma meno, na mchana walipopakua bukari nikakuta yangu iko kwenye sahani ya peke yake, imefunikwa vizuri, na samaki mkubwa kuliko wa wote.

Kisha redio zikaanza kusema habari za mpox. Msishikane mikono, mkiona mtu ana vipele mpelekeni hospitali. Sikatai, ugonjwa ule upo na umewatia watu kaburini. Ila mimi sikuwa nao. Yangu ilikuwa imekaa mwilini mwangu miaka, imeshakuwa kama mpangaji asiyelipa. Nani angesikiliza? Akaja mwanamke mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, anataka nguo ya kilio cha shemeji yake. Nikampa pole, nikamzungushia mita kifuani. Macho yake yakashuka kwenye vidole vyangu. Akaruka nyuma, mita ikabaki inaning'inia kwenye kwapa lake.

"Mama, wende bakupime kwanza!"

Alisema kwa sauti kubwa ya mhubiri, na benchi lote lilikuwa limejaa. Nilimwambia kwamba nilipimwa zamani, na kwamba hii haiambukizi. Akaitoa ile mita kwa ncha ya kanga yake na kuiweka juu ya kiti. Waliokuwa wanangoja wakakumbuka ghafla kwamba wana haraka, au kwamba wangependa patrone mwenyewe awapime. Patrone anapima kama anayefunga mzigo wa kupandisha kwenye lori.

Jioni yake patrone aliniita. Nilijua.

"Mama, miye sina na neno na weye," akasema. "Lakini bantu beko na boga, banakuogopa."

"Munganga anaweza kuandika karatasi, tuibandike pale ukutani."

"Bantu habasomake karatasi. Banasomaka mikono."

Nikahamia nyuma ya pazia. Mbele alipima mwingine, akaniletea namba, nami nikakata. Nguo zikaanza kurudi. Hii inabana kwapani, ile imevimba mgongoni, suruali ya mzee mmoja wa parokia ilimzuia hata kupiga magoti. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini furaha ya namna hiyo hailishi mtu. Nikiwa kule nyuma nilisikia wateja wakiingia, nikawatambua kwa sauti, nikajua yule amenenepa kwa jinsi benchi lilivyolia, na siruhusiwi kutoka. Niliona haya na niliona uchungu. Bila kupima mimi si fundi. Ni mkasi tu, na mkasi unanunuliwa dukani.

Basi binti wa yaya, yaani wa dada yangu mkubwa, akachumbiwa. Familia ya mchumba ni watu wa biashara, waliosoma, wa kujiheshimu. Yaya akataka kazi yote ifanyike kwetu: robe ya bibi harusi, nguo za wasichana wa kumsindikiza, na vitenge vya ukoo mzima. Patrone alipopata habari akaja mwenyewe nyuma ya pazia, akaketi juu ya gunia la vipande.

"Sikiya, mama. Uyu mutoto akuye siku ya posho, wakati bantu banajalaka hapa. Weye njo utamupima. Hapa mbele, pasipo kujificha. Bantu bakiona mutoto wa familia anaacha mama yake mudogo amushike, boga itaisha. Nitakurudisha mbele."

"Na kama hapana?"

Akainuka kutoka juu ya gunia. "Kama ba kwenu benyewe banakukatala, miye nitaambia ba client nini?"

Nilimwelewa. Sikumkasirikia hata kidogo, na nilitoka pale nikiwa mwepesi, karibu nicheze. Maana yule mtoto! Nilimpima nguo ya ubatizo akiwa hajui kushika shingo. Nilimpima ya komunyo ya kwanza, nikampima ya sherehe ya diploma ya taifa, alipomaliza sekondari. Kila mara alikuwa anasimama mbele yangu na mikono juu kabla sijamwambia, anauliza, "Mama mudogo, niliongezeka?" Mama yake aliwahi kunionea wivu juu yake. Ningeapa kwa jina la marehemu baba yetu, mtu wa reli ambaye hakuwa na mchezo na viapo, kwamba mtoto huyu atakuja na atasimama.

Nikampigia yaya simu, nikamweleza jambo zima, na kwa nini lazima iwe Jumamosi, siku ya posho, mbele ya watu. Yaya akaniuliza kwanza bei ya satini. Nikamtajia. "Atakuya," akasema.

Juma lile niliitunza mikono kama watoto wachanga. Maji ya vuguvugu, mafuta, vitambaa safi. Nyumbani binti zangu waliosha vyombo vyote. Ijumaa ngozi ilikuwa imetulia. Wekundu ulibaki, lakini magamba yalikuwa yamelala na mipasuko imefunga. Nilisali, nikamshukuru Mungu mapema. Hapo labda nilikosea, sijui.

Jumamosi benchi lilijaa mpaka wengine wakaketi mlangoni. Patrone alinitoa nyuma ya pazia yeye mwenyewe, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Leo tuko na bibi harusi, mutoto wa yaya yake!" Nikasimama kwenye nafasi yangu ya zamani. Niliwasalimia watu kwa mdomo, wakaitikia. Hata yule wa nguo ya kilio alikuwepo, amekuja kuongezewa kiuno.

Mtoto wa yaya akaingia na wifi yake, dada wa bwana harusi, mwanamke aliyevaa vizuri na miwani ya jua kichwani. Yaya hakuja. Mtoto alikuwa amekumbatia mfuko kifuani kwa mikono miwili, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpa mkono wala kigasha.

"Mama mudogo, yambo."

"Yambo sana, mama. Kuya. Sogea nikupime."

Hakusogea. Alitazama mfuko. "Nilikuletea robe. Ile ya diploma, weye mwenyewe ulinishonea. Iko inanikaa muzuri. Utapima iyo."

Mashine za wenzangu zilikuwa zinalia, zikanyamaza zote. Nilimsikia patrone akivuta pumzi.

"Robe haina muntu ndani, mutoto wangu," nikasema. Nilijitahidi sauti iwe ya utani. "Sogea. Ama umeanza kuwa munene, unaogopa?"

Mtu mmoja akacheka. Mtoto hakucheka, na machozi yalikuwa yameshafika.

"Mama mudogo, beko na boga. Miye sina. Ni ba kwao bwana harusi. Banasema mbele ya ndoa kusikuwe maneno."

"Kama weye hauna boga, sogea."

Nikaitoa mita shingoni, nikaivuta kati ya mikono miwili, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Na mikono yake ikapanda. Yenyewe! Nilimwona usoni, hakuiamuru. Ilipanda kama ilivyokuwa inapanda tangu akiwa mdogo, mfuko ukaning'inia kwenye kidole, kwapa zikafunguka, akawa amesimama wima mbele yangu anangoja. Nilipiga hatua moja. Nikasema moyoni, asante Mungu, nimerudi mbele.

Wifi yake akakohoa. Kikohozi kidogo cha mtu mwenye adabu.

Mikono ikashuka. Mtoto akauweka mfuko juu ya meza, kati yake na mimi, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi fundi, nilidhani nakijua kila kilichomo nguoni. Niliitoa ile robe, nikaitandaza juu ya meza, nikainyoosha kwa viganja, nikaipima mbele ya watu wote. Mabega. Kifua. Kiuno. Urefu wa mgongo. Nilisoma kila namba kwa sauti kubwa, kwa hasira, na patrone akaandika. Robe haikuvuta tumbo, wala haikuhitaji kuchekeshwa. Watu wa benchini walitazama viatu vyao. Yule wa nguo ya kilio alitazama dirishani, na nafikiri alinionea huruma, jambo ambalo sijaweza kumsamehe mpaka leo.

Walipoondoka patrone alianza, "Mama..."

"Sema tu."

"Umalize hii ya ndoa. Njo itakuwa ya mwisho..." Akalia yeye. Mimi sikulia. Nilimwambia asante kwa miaka yote, na nilikuwa nasema kweli, lakini ilitoka kama tusi.

Robe ya harusi niliikata na kuishona peke yangu, nyuma ya pazia, vidole vimefungwa vitambaa. Niliishona kwa haki yake yote. Sikuiba hata uzi. Ila moyoni niliomba isimkae, ndiyo, niliomba hivyo, na sikumwambia padri. Robe ya diploma ilikuwa ya msichana. Mwili wa bibi harusi unabadilika, kwa furaha au kwa wasiwasi, na namba za kitambaa hazijui hayo. Nilijua itambana kwapani. Nilijua itamvuta mgongoni, atashindwa kupumua, na watatoka mbio kunitafuta kanisani, wakwe na miwani yao, kelele nyingi, mama yuko wapi, mama fundi yuko wapi. Nami nitaingia sakristia na sindano zangu, nitamshika, nitamfungua na kumfunga upya juu ya mwili wake, na wote watasimama kimya wakinitazama nikimgusa mtoto wangu.

Siku ya ndoa niliketi nyuma kabisa, mikono mirefu mpaka vidoleni. Ndani ya mkoba nilikuwa na sindano, uzi mweupe na mkasi mdogo. Kila mlango wa pembeni ulipofunguka niligeuka. Hakuna aliyenitafuta.

Kinanda kikalia, tukasimama. Akaingia ameshika mkono wa baba yake. Nilimtazama kwa jicho la fundi, si la mama mdogo: mabega yamekaa, kifua kimekaa, kiuno kimekaa, mgongo umenyooka bila hata mkunjo mmoja. Alipumua, na robe ikapumua naye. Alipiga magoti altareni, akainuka, na hakuna kilichovutika. Sijawahi kumkalisha mtu nguo vizuri namna ile.

Mama mmoja wa parokia aliyekuwa karibu yangu, anayejua mimi ndiye fundi lakini asiyejua mengine, akaniinamia sikioni. "Eh, mama, ile robe! Ulimupima muzuri sana."

Nikamwambia aksanti.